Baseball-Reference Yapimwa kwa Maisha ya Rajai Davis, Mchezaji wa Timu Nane

Baseball-Reference ni tovuti ya takwimu za besiboli iliyoanzishwa mwaka 2000 na Sean Forman, ambaye kwa miaka kadhaa alifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Saint Joseph's huko Philadelphia, na hadi leo inaendeshwa kutoka jiji hilohilo na kampuni ya Sports Reference. Ina ukurasa wa kila mtu aliyewahi kucheza katika ligi kuu ya Marekani, hata kama alicheza mchezo mmoja tu, kuanzia karne ya 19 hadi msimu wa juzi, na sehemu kubwa ya kurasa hizo husomwa bila malipo. Katika tathmini hii sitaipima kwa kurasa za nyota, kwa sababu nyota ana wasimulizi wa kutosha popote. Nitaipima kwa kazi iliyo ngumu zaidi, ambayo ndiyo yenye faida kwetu tulioko Uganda na tunaolea vijana wa mchezo huu: je, inaweza kumweleza msomaji kwa ukamilifu maisha ya mchezaji wa kulipwa wa uwanja wa nje, yaani anayelinda sehemu ya nyuma ya uwanja, ambaye hakuwa nyota, aliyebadilishwa, akaachwa, akachukuliwa tena, na akapita katika timu nane kwa misimu 14?

Jibu langu ni kwamba inaweza, na sijaona huduma nyingine ya bure inayoifanya kazi hiyo vizuri zaidi. Hata hivyo, msomaji hana budi kujua pa kuangalia, kwa kuwa jedwali linalojitokeza kwanza ndilo lenye maelezo machache kuliko yote kuhusu mchezaji wa aina hii.

Mchezaji niliyemchagua ni Rajai Davis, aliyezaliwa Norwich, Connecticut, tarehe 19 Oktoba 1980. Juu kabisa ya ukurasa wake tunasoma kwamba timu ya Pittsburgh Pirates ilimchukua mwaka 2001 katika raundi ya 38 ya uteuzi wa wachezaji chipukizi, akitoka tawi la Avery Point la Chuo Kikuu cha Connecticut. Mstari huo mmoja una uzito mkubwa kwa anayejua mfumo ulivyo. Raundi ya 38 ni mahali ambapo timu ilikuwa ikiokota majina kwa bahati nasibu, bila kutarajia mengi, na tangu mwaka 2021 raundi hiyo haipo tena, kwa kuwa uteuzi umepunguzwa hadi raundi 20. Kijana mwenye kipaji kama cha Davis angekosa leo hata nafasi ya kuitwa jina, na ingemlazimu kutafuta mkataba kwa mlango mwingine, jinsi wanavyofanya vijana wetu.

Chini ya utangulizi huo ndipo lilipo jedwali kuu, lenye mstari mmoja kwa kila msimu. Hapa tovuti inaonyesha ustadi wake wa kwanza, nao ni utulivu: hakuna picha zinazorukaruka wala vichwa vya habari vya kelele, kuna tarakimu zilizopangwa kwa safu. Safu ya besi zilizoibwa, yaani mara ambazo mchezaji alikimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, ndiyo inayombeba Davis, maana miguu yake ndiyo iliyomlisha. Mwaka 2009 aliiba 41, mwaka 2010 aliiba 50, mwaka 2012 akaiba 46 na mwaka uliofuata 45. Hata hivyo, tarakimu iliyokolezwa wino si 50, bali ni 43 ya mwaka 2016, kwa sababu mwaka huo aliongoza ligi ya American, moja ya sehemu mbili za ligi kuu, akiwa na umri wa miaka 35, ilhali mwaka 2010 Juan Pierre alikuwa ameiba 68 na kumwacha nyuma. Wino mzito una maana ya kuongoza ligi, na ni alama ndogo ambayo kocha yeyote anapaswa kuwaonyesha vijana wake mapema, kwa kuwa inawafundisha kusoma tarakimu ikiwa pamoja na wenzake wa mwaka uleule badala ya kuisoma peke yake.

Jedwali hilo hilo linaonyesha pia jinsi maisha ya mchezaji wa kuhamahama yanavyokatika katikati ya mwaka. Kwa msimu wa 2007, wa 2008 na wa 2017 Davis ana mstari wa jumla kisha mistari miwili chini yake, mmoja kwa kila timu aliyoichezea mwaka huo. Msomaji mgeni hukosea hapa kwa kujumlisha mistari yote mitatu, na tovuti haimwonyi waziwazi. Ni jambo la kuambiwa mara moja tu na halisahauliki, lakini ingekuwa vyema kuwe na maelezo mafupi pembeni.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote imefichwa mbali chini ya ukurasa, nayo ni orodha ya miamala. Ni kama logibuku ya gari ambayo imeandikwa kila mmiliki aliyewahi kulishika. Tarehe 31 Julai 2007, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, Pirates walimpeleka Davis kwa San Francisco Giants, wao wakapata Matt Morris, mrushaji mkongwe, yaani anayemrushia mpigaji mpira. Mwezi Aprili 2008 Giants walimwacha, na Oakland Athletics wakamchukua kupitia utaratibu unaoiruhusu timu kumdai mchezaji aliyeachwa bila kutoa mtu badala yake. Novemba 2010 Oakland nao walimpeleka Toronto Blue Jays kwa warushaji wawili, Trystan Magnuson na Danny Farquhar. Desemba 2013, akiwa huru kwa mara ya kwanza kujichagulia timu, alitia saini mkataba wa miaka miwili na Detroit Tigers wenye thamani ya dola milioni 10. Kisha ikafuata Cleveland mwaka 2016, Oakland tena mwaka 2017, Boston Red Sox mwezi Agosti mwaka huohuo, Cleveland tena mwaka 2018, na mwisho New York Mets mwaka 2019.

Ukiisoma orodha hiyo polepole utaona jambo ambalo jedwali la takwimu haliwezi kulionyesha, nalo ni kwamba mchezaji huyu hakuwa na sauti juu ya mahali pa kuishi kwa miaka 12 ya mwanzo tangu achukuliwe na Pirates. Mfumo ndio ulivyo. Msimu mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172 katika kikosi cha ligi kuu, na mchezaji huhitaji misimu sita ya namna hiyo kabla ya kuwa huru. Muda ambao anashushwa na kupandishwa kutoka ligi ndogo, yaani ngazi zilizo chini ya ligi kuu, haumhesabikii kikamilifu. Timu nayo ina haki ya kumshusha na kumpandisha katika misimu mitatu bila kuogopa kwamba wengine watamdai. Kwa sababu hiyo, mtu aliyechukuliwa mwaka 2001 alikuja kuchagua mwajiri wake mwenyewe mwishoni mwa mwaka 2013, akiwa na miaka 33. Tovuti huandika muda wa utumishi wa mchezaji na pia mishahara yake, na nadhani wazazi wa Kampala na Mukono wanaoambiwa na mawakala kwamba mtoto wao atatajirika mara tu akitia saini wangefaidika kwa kuisoma sehemu hiyo kabla ya kuweka saini ya aina yoyote.

Kuhusu fedha, ukurasa wa Davis unapaswa kusomwa pamoja na ujuzi wa jinsi ligi ndogo zinavyolipa, kwa kuwa tovuti haielezi jambo hilo. Kiwango cha chini cha mshahara katika ligi kuu kilikuwa dola 327,000 mwaka 2006, mwaka ambao Davis alicheza mchezo wake wa kwanza, na kikafika dola 555,000 mwaka 2019, mwaka wa mwisho wake. Lakini chini ya ngazi hiyo hali ni nyingine kabisa: hata baada ya makubaliano ya pamoja ya mwaka 2023, ambayo yaliongeza malipo kwa kiasi kikubwa, mchezaji wa ngazi ya chini kabisa alipangiwa dola 19,800 kwa mwaka, na kabla ya hapo alikuwa akipata dola 4,800. Kati ya ngazi hizo mbili kuna maelfu ya vijana, na wengi wao hawavuki.

Hapo ndipo linapokuja daftari la ligi ndogo, ambalo tovuti huliweka katika ukurasa wake wa pekee na kuliunganisha na ukurasa mkuu kwa kiungo kidogo kisichoonekana kwa urahisi. Kwa Davis daftari hilo lina majina ya miji ambayo mtu wa nje hajawahi kuisikia: Hickory mwaka 2003, Lynchburg mwaka 2004, Altoona mwaka 2005, Indianapolis mwaka 2006. Kila mji ni ngazi moja juu ya uliotangulia. Alipofika Pittsburgh tarehe 14 Agosti 2006 alikuwa na umri wa miaka 25, na miaka mitano ilikuwa imepita tangu ateuliwe. Vijana ninaowasaidia katika mazoezi huuliza kila mara mchezaji huchukua muda gani kufika juu, na badala ya kuwapa hotuba ninawafungulia daftari hili na kuwaacha wahesabu wenyewe. Wanapomaliza Davis ninawapeleka kwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kutoka bara letu kucheza katika ligi kuu, tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pirates haohao, baada ya kutia saini mwaka 2008. Wakishaona miaka yake ya ligi ndogo imepangwa mstari juu ya mstari, maswali yao hubadilika. Wanaacha kuuliza ni lini, wanaanza kuuliza alikuwa akifanya nini katika miaka ile yote.

Daftari hilo lina faida nyingine kwetu. Ben Serunkuma na Umar Male, Waganda waliosajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, wana kurasa zao humo, na vivyo hivyo David Matoma, mrushaji wa Pirates mwenye mpira wa kasi kubwa. Kwamba jina la mtoto wa Uganda limeandikwa katika kitabu kilekile na kwa mpangilio uleule wa jina la bingwa wa New York ni jambo ambalo huduma chache za michezo zimewafanyia Waafrika. Nasikitika kidogo, kwa mapenzi yangu ya uwanja wa nje, kwamba hao watatu wote ni warushaji, na kwamba Dennis Kasumba, aliyejulikana duniani kwa video zake za mazoezi na kufika timu ya Frederick Keys ya Marekani mwaka 2023, ni mdakaji, yaani anayekaa nyuma ya mpigaji. Uwanja wetu wa nje bado unasubiri mtu wake.

Sasa niingie katika udhaifu mkubwa wa jedwali kuu, ambao Davis anaudhihirisha kuliko mchezaji mwingine yeyote ninayemjua. Jumla yake ya homurani, yaani mapigo yanayoupitisha mpira juu ya uzio, ni 62. Pigo linalomfanya akumbukwe halimo katika hizo 62. Usiku wa tarehe 2 Novemba 2016, katika mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali, Cleveland ilikuwa nyuma ya Chicago Cubs kwa mikimbio (alama) 6 kwa 4 katika awamu ya nane kati ya tisa za kawaida, wapigaji wawili walikuwa wameshatolewa, Brandon Guyer alikuwa kwenye besi ya pili, na mrushaji alikuwa Aroldis Chapman, mmoja wa watu wanaorusha mpira kwa kasi kuliko wote waliowahi kupimwa. Davis alilishika gongo lake juu zaidi ya kawaida ili alipeleke haraka, akaupiga mpira ukavuka ukuta wa kushoto karibu na nguzo, na mchezo ukawa sare 6 kwa 6. Ulifika awamu ya 10 baada ya kusimamishwa kwa mvua kwa dakika 17. Cubs wakaongeza mikimbio miwili, Davis akapiga tena na kumleta Guyer nyumbani, lakini Cubs walishinda 8 kwa 7 na kutwaa taji lao la kwanza tangu 1908.

Takwimu za mechi za mtoano huhesabiwa kando, na hilo ni sahihi kwa utaratibu wa mchezo huu. Ninachokosoa ni kwamba msomaji asiyejua habari hiyo anaweza kuusoma ukurasa mzima hadi jumla ya mwisho na kuondoka akidhani kwamba Davis alikuwa mwizi hodari wa besi na basi. Jedwali la mtoano lipo, limekamilika, na lina kiungo cha kila mchezo hadi rekodi ya mpira mmoja mmoja. Lakini inabidi ulitafute. Kwa mchezaji aliyecheza michezo mingi ya kawaida na mmoja usiosahaulika, mpangilio huo unamdhulumu.

Kwa upande mwingine, tovuti humzawadia msomaji mwenye subira kwa namna ambayo simulizi la kawaida haliwezi. Fungua orodha ya homurani za Davis, ambayo huandika tarehe, uwanja, awamu na jina la mrushaji kwa kila moja. Tarehe 30 Juni 2014, akiwa Detroit, alipiga homurani besi zote zikiwa zimejaa, akaimaliza mechi dhidi ya Oakland ambayo timu yake ilikuwa ikiipoteza, wakashinda 5 kwa 4. Mrushaji alikuwa Sean Doolittle. Shuka hadi mstari wa mwisho kabisa wa orodha hiyo, tarehe 22 Mei 2019, akiwa na Mets: homurani ya mikimbio mitatu akiwa mpigaji wa akiba katika awamu ya nane, na mrushaji, sasa akiwa Washington, ni Sean Doolittle yuleyule. Hakuna aliyeandika sentensi ya kulisema jambo hilo katika ukurasa. Linajitokeza lenyewe kwa kuwa orodha imepangwa vizuri. Nakiri kwamba nilicheka peke yangu nilipoiona.

Kisichomo katika mstari wa tarehe 22 Mei 2019 ni jinsi Davis alivyofika uwanjani. Alikuwa na timu ya ligi ndogo ya Syracuse, iliyokuwa ikicheza ugenini Allentown, Pennsylvania, alipopigiwa simu kwamba anatakiwa New York siku hiyohiyo. Aliita gari la Uber, akasafiri hadi Citi Field, uwanja wa Mets, kwa nauli ya dola 243, ambazo kwa wakati ule zilikuwa takribani shilingi laki tisa za Uganda, akafika mechi ikiwa imeshaanza, akavaa jezi, akangoja, akaitwa, akapiga. Mtu wa miaka 38, mwenye timu nane katika ukurasa wake, bado anapanda teksi ya kukodi kwenda kazini kama kibarua aliyeitwa kwa dharura. Tovuti ya takwimu haiwezi kulaumiwa kwa kutoandika nauli, na sidai iandike. Nasema tu kwamba anayetaka kumwelewa mchezaji wa kuhamahama atumie ukurasa huu kama mifupa, kisha atafute nyama katika magazeti ya miji aliyopita.

Jambo linalonitia shaka zaidi ni takwimu za ulinzi. Kazi ya mchezaji wa uwanja wa nje kwa sehemu kubwa ni kuusoma mpira unapoondoka kwenye gongo, kuchukua njia fupi, kuudaka na kuurudisha ndani kwa mkono wenye nguvu. Vitabu vya zamani vilihesabu makosa tu, na kwa hesabu hiyo mvivu asiyeufikia mpira huonekana bora kuliko mwepesi aliyeufikia ukamponyoka. Baseball-Reference imekwenda mbali zaidi: hutumia hesabu za mikimbio iliyookolewa kwa misimu ya kuanzia 2003, na makadirio ya namna nyingine kwa misimu ya nyuma, kisha huyaingiza matokeo hayo katika tarakimu moja ya WAR inayodai kueleza thamani nzima ya mchezaji. Tovuti ya FanGraphs nayo ina WAR yake, na mara nyingi hizo mbili hazikubaliani juu ya mlinzi yuleyule. Tofauti hiyo si uongo wa upande wowote. Ni dalili kwamba ulinzi wa uwanja wa nje bado unakadiriwa, na msimu mmoja ni mfupi mno kuuamini. Kwa hiyo nisingemshauri kocha amwonyeshe kijana tarakimu ya ulinzi ya mwaka mmoja na kumwambia kwamba huo ndio ukweli wake. Katika viwanja vyetu, ambako nyasi hazilingani na mpira hudunda upande wowote upendao, somo hilo lina maana zaidi.

Nilitaka pia kujua kama ubora huu ni wa ukurasa mmoja tu, nikamfungua Matt Stairs wa Kanada, aliyecheza ligi kuu kati ya 1992 na 2011 na anayeshikilia rekodi ya homurani 23 za mpigaji wa akiba. Ukihesabu majina ya timu katika jedwali lake utapata 13, lakini watu husema mara nyingi kwamba alichezea timu 12. Yote mawili ni kweli: alianza na Montreal Expos na kumaliza na Washington Nationals, ambao ni Expos waliohamishwa mwaka 2005. Tovuti huandika kila jina kama lilivyokuwa wakati ule, na hilo ni sawa. Msimu wake wa 1993 akiwa na Chunichi Dragons wa Japani nao umo katika daftari. Kwa mchezaji wa kuzunguka, ukamilifu wa namna hii ndio kila kitu.

Kuna jambo dogo la tarehe ya kuzaliwa ambalo kwa Uganda si dogo hata kidogo. Kila ukurasa huanza nayo, na umri wa mchezaji huandikwa kando ya kila msimu, kwa kuwa katika biashara hii umri ni nusu ya bei. Wanaokumbuka mwaka 2011 wanajua kwamba timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda fainali za dunia za Little League kule Pennsylvania ikanyimwa viza kwa sababu ya kutolingana kwa hati za umri na kuzaliwa, hata ikabidi timu ya Langley ya Kanada ifunge safari mwanzoni mwa 2012 kuja kucheza nao hapa. Watoto wa Lugazi walifika mwaka huohuo wa 2012, wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika, wakaifunga Gresham ya Oregon 3 kwa 2. Kocha anayewaonyesha wazazi ukurasa wa Davis aanzie na mstari ule wa juu kabisa, na awaombe waende kuandikisha vyeti vya kuzaliwa mapema.

Kwa matumizi ya kila siku, huduma hii ina kero zake. Lugha yake ni Kiingereza pekee, na safu zake zimeandikwa kwa vifupisho ambavyo hata mwenye Kiingereza kizuri inambidi ajifunze. Majedwali ni mapana, kwa hiyo kwenye simu ndogo safu za kulia hupotea na msomaji hutelezesha kidole huku na huku hadi asahau yuko mwaka gani. Matangazo ya biashara ndiyo yanayoilipia kazi ya bure, na hula bando. Takwimu husasishwa baada ya michezo ya usiku wa Marekani kumalizika, nasi tuko mbele ya New York kwa saa saba katika miezi ya msimu, ambapo mechi ya jioni kule huanza hapa saa nane za usiku. Anayetaka kufuatilia mchezo unapoendelea atumie huduma nyingine.

Kuna dawa ya sehemu ya kero hizo. Juu ya kila jedwali kuna kitufe cha kushiriki na kuhamisha, kinachokuruhusu kuligeuza jedwali kuwa maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, tayari kwa kuwekwa katika lahajedwali na kuchapishwa. Karatasi mbili, moja ya miamala na nyingine ya ligi ndogo, zinatosha kwa kipindi kizima cha mafunzo chini ya mti, bila umeme wala mtandao.

Iliyobaki ni Stathead, huduma ya kulipia ya kampuni hiyohiyo, inayomruhusu mtu kuuliza maswali ya kuchambua rekodi zote kwa pamoja, kwa mfano ni wachezaji gani wa uwanja wa nje wenye umri wa miaka 35 au zaidi walioiba besi 40 katika msimu mmoja. Ni chombo chenye nguvu, na malipo yake ni ya kila mwezi au ya mwaka, kwa dola. Mwandishi wa habari za michezo aliyeko Kampala anayeandika kila wiki angepata thamani ya fedha zake. Kocha wa shule, kwa maoni yangu, hana haja nayo. Fedha hizo zinunue mipira, kwa kuwa hayo yote niliyoyaeleza kuhusu Davis, isipokuwa mishahara ya ligi ndogo na nauli ya Uber, yanapatikana bila kulipa senti.